Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya: Waulizeni walioandika ripoti

Mkurugenzi Mkuu,

Kwa heshima. Nimestaafu urubani, sina tena leseni ya kuihofia, basi niruhusu niseme.

Mei 5, 2007, muda mfupi baada ya saa sita usiku, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala na kuanguka kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita chache kutoka uwanjani. Wote 114 walikufa. Kapteni alitaka otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, ishike. Haikushika, na hakuna aliyehakikisha, huku ndege ikilalia kulia polepole. Wachunguzi wa Kameruni waligusia pia tabia: kapteni mwenye kauli ya juu, rubani msaidizi mpole.

Watu husema kijana huyo angefungua mdomo. Wangejua tu mdomo unafungiwa wapi.

Nikiwa rubani msaidizi, shirika nisilolitaja, nilijaza fomu ya kuripoti uchovu baada ya kuamka saa tisa usiku siku nne mfululizo. Niliitwa ofisini. Fomu yangu ilikuwa mezani, kikombe cha chai juu yake. "Kijana, kwani wenzako hawachoki?" Basi. Sikupewa barua wala kukatwa mshahara. Ratiba ya mwezi uliofuata ndiyo iliyonijibu: safari fupi fupi, bila posho ya kulala nje. Wenzangu waliisoma ile ratiba kuliko kitabu chochote cha usalama.

Miezi michache baadaye tukateremkia Kisumu kwa kasi iliyopita kiasi. Niliiona. Nikakohoa. Ndilo onyo nililotoa.

Kiambatisho cha 19 cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kinazitaka nchi ziwe na njia ya kuripoti kwa hiari na zimlinde anayeripoti. Marekani, tangu 1976, ripoti hizo hupokewa na NASA, shirika lao la anga za juu, lisilo na mamlaka ya kumwadhibu mtu, na jina hufutwa. (Simtetei anayerusha ndege akiwa amelewa, huyo mshikeni.)

Wakaguzi wako wakifika kwenye shirika wataonyeshwa sera ya usalama ukutani na faili la vyeti. Naomba wadai pia ripoti kumi za mwisho za uchovu, walinganishe ratiba za walioziandika, kabla na baada, na majina yabaki kwao. Shirika lisilo na ripoti hata moja mwaka mzima, lianzeni hilo.

Wako,
Kapteni mstaafu, Nairobi