Idadi ya sarafu za fedha isisomwe peke yake

Mhariri,

Matangazo ya sarafu za fedha za ukumbusho yamezidi, na karibu kila moja hutanguliza idadi: "zimetolewa 5,000 tu duniani." Wanunuzi huipokea namba hiyo kana kwamba ndiyo thamani. Mara nyingi hata si hesabu ya sarafu zilizopo.

Muulizeni muuzaji kwanza: hiyo 5,000 ni kikomo kilichotangazwa au ni idadi iliyouzwa? Kiwanda cha sarafu hutangaza kikomo kabla ya mauzo. Wateja wakiwa wachache, hesabu hufungwa chini ya hapo. Hesabu iliyofungwa ndiyo ya kutegemea.

Tena, kila aina ina idadi yake. Sarafu za Tanzania za hifadhi ya wanyamapori za mwaka 1974, shilingi 25 ya twiga na shilingi 50 ya faru, zilitolewa kwa namna mbili: za kawaida, zenye fedha sehemu 500 katika 1,000, na zilizong'arishwa kama kioo, zenye sehemu 925. Ni rahisi mtu kutajiwa idadi ya aina moja akauziwa nyingine. Pimeni uzito: ya twiga yenye 925 ina gramu 28.28, na mizani ya sonara inatosha kuhakikisha.

Lakini kosa linalowagharimu watu zaidi ni kusahau tanuri. Kwa sheria ya mwaka 1918, Marekani iliyeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270, bila kuandika ni za miaka ipi. Tangu hapo jedwali la idadi za dola za Morgan, aina mojawapo ya dola hizo za fedha, linaeleza zilizopigwa chapa, si zilizosalia. Ya mwaka 1903 yenye herufi O, alama ya kiwanda cha New Orleans, ilipigwa 4,450,000, lakini kwa miongo kadhaa ilikuwa adimu kuliko nyingi zenye idadi ndogo. Mwaka 1962 Hazina ya Marekani ikatoa mifuko ya dola hizo iliyokuwa imefungwa, bei ikaporomoka. Namba kwenye jedwali haikubadilika hata kidogo. Ya mwaka 1895 ya Philadelphia ni kinyume chake: vitabu vya kiwanda vinataja 12,000 za matumizi ya kawaida, wala hakuna hata moja iliyothibitishwa kuonekana. Zinazojulikana ni zile 880 zilizong'arishwa kwa ajili ya wakusanyaji.

Uchache nao hauna bei bila watu wanaoitafuta sarafu hiyo. Sarafu za Tai wa Fedha (Silver Eagle) za Marekani za mwaka 1995 zenye herufi W, alama ya kiwanda cha West Point, zilitolewa 30,125, na bei yake iko juu sana kwa sababu wanaokusanya mfululizo huo ni wengi mno. Sarafu iliyotolewa 5,000 tu, isiyo na mfululizo wala wafuasi, huweza kurudi sokoni kwa bei ya madini tu.

Kwa wenzetu wa pwani waliorithi reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria: mwaka 1780 ulioandikwa juu yake si mwaka wa kupigwa chapa. Zimeendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo Vienna, na katika karne ya 20 hata Rome, London na Bombay. Halisi ina gramu 28.07, fedha sehemu 833, na maandishi ya mwinuko ukingoni. Ukingo ukiwa laini, msilipe zaidi ya uzito wa fedha, na hata hiyo ipimwe kwanza.

Mkusanyaji wa sarafu,
Dar es Salaam