Eti tumekula hela ya mzee ili tumwambie mafuta matupu nayo yanaponya

Hii ishu imebidi niiandike kabisa maana nimeshaieleza kwenye simu mpaka mdomo umekauka. Mwezi uliopita mzee mmoja anayetengeneza dawa ya majani ya kupaka vidonda, mtu na heshima zake na wateja wake wa miaka, alipokea ripoti yetu ya maabara akapiga simu hata ukurasa wa pili hajafika. Nikaanza, shikamoo mzee. Hakuitikia. "Yaani nimelipa hela yote ile ili mniambie dawa yangu ni sawasawa na mafuta ya mgando?"

Sio wa kwanza. Kila baada ya muda anatokea mteja anayeona maabara imemuibia, na ukichimba unakuta ugomvi ni ule ule, kundi la mafuta matupu.

Iko hivi. Tukipima dawa ya kidonda kwa panya tunagawa makundi manne. La kwanza halipakwi kitu. La pili linapakwa yale mafuta unayochanganyia dawa yako lakini bila dawa yenyewe. La tatu ndo dawa yako. La nne krimu inayojulikana, mara nyingi ya silva salfadiazini asilimia 1 (na wale wanaopenda kutamba "dawa yangu imeishinda ya hospitali" wajue hiyo krimu kazi yake kubwa ni kuzuia bakteria, kwenye majeraha ya moto haijaonekana kuharakisha kupona, kwa hiyo kuipita kwa kasi sio ushindi wa kupigia ngoma). Kidonda kinapigwa picha na kupimwa eneo lake siku zilizopangwa, na anayepima hajui panya yupi kapakwa nini, makopo yana namba tu. Kwa yule mzee, mstari wa dawa yake na wa mafuta matupu ilipandana kuanzia siku ya 4 mpaka ya 14, hata unywele haupiti katikati. Yote miwili ikaliacha mbali kundi lisilopakwa kitu.

Sasa ona, kama tungepima kwa makundi mawili tu, dawa yake na wasiopakwa, mzee angetoka na tabasamu na grafu nzuri ya kubandika ukutani. Na ingekuwa uongo. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kinapata ngozi mpya ya juu kwa kasi kama mara mbili ya kile kilichoachwa wazi kikakauka, kwa sababu seli za ngozi zinatambaa kutoka pembeni, na gamba likishakuwa gumu inabidi zijipenyeze chini yake. Mafuta yoyote mazito yanazuia kidonda kukauka. Kwa hiyo sehemu ya sifa unazoipa mizizi yako ni za mafuta, na bila kundi la pili hakuna anayejua ni sehemu gani.

Hapo ndo inakuja ile njia ya mkato. "Toeni hilo kundi la mafuta, bei ishuke." Naelewa, bei yetu inauma, ila watu wanadhani tunalipisha kuangalia panya. Kila kundi ni wanyama, mabanda, chakula, dawa ya ganzi na ya maumivu, mtu wa kuwahudumia hadi wikiendi, vipande vya ngozi vya kukatwa na kutazamwa kwenye hadubini, kipimo cha haidroksiprolini kujua kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi nguvu, imejengeka kiasi gani, na kabla ya yote hayo kibali cha kamati ya maadili ambacho hakitoki kwa kuangaliana usoni. Kuna mteja alitukatalia, akaenda sehemu nyingine wakampimia makundi mawili kwa bei poa, akapeleka faili kusajili dawa. Mkaguzi akauliza swali moja tu, kontroli ya mafuta, yaani lile kundi la mafuta matupu, iko wapi? Akarudi kwetu anataka tumpimie hilo kundi peke yake tuliunganishe na matokeo ya kule. Haiwezekani! Lazima panya wawe wa umri mmoja, wakati mmoja, mikono ile ile. Akaanza upya yote manne, kalipa mara mbili, na wale panya wa kwanza walikufa bure, kitu ambacho kwangu kinauma kuliko hela, maana tangu wanasayansi Russell na Burch waandike mwaka 1959 kuhusu wanyama wa majaribio, kanuni inasema tumia wanyama wachache kadiri inavyowezekana, na wachache sio wale wasioweza kujibu swali.

Wengine mkato wao ni kuruka panya kabisa. "Pimeni tu kama inaua bakteria mnipe cheti." Sawa, tunapima. Agari ya Mueller-Hinton, yaani chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli, unene milimita 4, tunapaka bakteria wa Staphylococcus aureus kwenye sahani moja na wa Pseudomonas aeruginosa nyingine, dawa inaingia kwenye vishimo, inalala kwenye joto la 35, asubuhi tunapima duara safi lililobaki bila bakteria. Tatizo agari karibu yote ni maji na dawa yako ni mafuta. Haisambai, inakaa pale pale kwenye kishimo. Mama mmoja alilia kabisa alipoona sifuri, na dawa yake wala haikuwa mbaya, ilikuwa imefungiwa ndani ya mafuta. Tulimuomba majani makavu, tukayaloweka kwenye ethanoli asilimia 70 siku tatu, tukachuja, tukavukiza ethanoli yote kwenye rota, mashine inayozungusha chupa, kwa joto dogo, dondoo lililobaki likatoa duara zuri tu. Ndo maana nasema kila siku, leteni na mmea wenyewe, sio kopo tu. Na mmea uwe na maua au matunda jamani, sio unga! Unga hauna uso, mtaalamu wa mimea hawezi kuutambua kwa kuuangalia. Tumewahi kupokea magunia mawili yenye jina moja la kienyeji kutoka kwa mteja mmoja, tulipoyatandaza kwenye kromatografia, kipimo kinachotenganisha kemikali za mmea, yakaonekana kama hayajawahi kukutana.

Halafu kuua bakteria sio kuponya. Spiriti inaua bakteria, nani anamwaga spiriti kwenye kidonda kila siku akitegemea kipone haraka? Kijana mmoja alikuja na dondoo la gome, duara lake kubwa mpaka mafundi wetu wakaitana kuja kuona, na alishaanza kuchapa lebo. Tukamwambia subiri tuweke kwenye seli. Kipimo hiki chepesi kukielewa, unaotesha seli za ngozi zijae chini ya sahani, unakwaruza mstari katikati kwa ncha ya pipeti, huo ndo "kidonda", unapiga picha saa 0, saa 12, saa 24 uone zinavyotambaa kuziba. Za kwetu za kulinganishia ziliziba vizuri. Zake asubuhi zilikuwa zimejikunja duara na kuelea, zimekufa. Dondoo lilikuwa linaua kila kitu, bakteria na mwenye kidonda pamoja. Tulipopunguza nguvu mara nyingi tukapata kiwango ambacho seli zinavumilia na bakteria bado wanazuiliwa, lakini lebo alizochapa zilikuwa na kiwango cha zamani, akazichoma zote.

Kuna pia wanaolalamikia ile pete ya silikoni kwenye bili. Ngozi ya panya imelegea, kidonda chake kinajivuta chenyewe kama mdomo wa mfuko wa kamba, wakati cha binadamu kinategemea zaidi nyama mpya ijae na ngozi itambae juu. Tukishonea pete kuzunguka kidonda hakiwezi kujivuta, kinapona kwa namna inayofanana na yetu. Ukiikataa tutakupimia, ila ripoti itasema wazi kwamba haikuwepo.

Na usafi. Famakopia (vitabu vya viwango vya dawa) za Ulaya na Marekani kwa dawa ya kupaka ngozini zinataka bakteria wasizidi kama 100 kwa gramu, na hao Staphylococcus aureus na Pseudomonas wasiwepo kabisa, na hiyo ni ngozi nzima tu, kidonda kikubwa kilicho wazi kinataka dawa isiyo na kijidudu hata kimoja. Mizizi inatoka ardhini, na ardhini ndo nyumbani kwa mbegu za pepopunda. Sitasema zaidi.

Nikirudi kwa wanaosema sisi maabara tunachukia dawa za mimea. Kuna jeli ya gome la mti wa birch, Oleogel-S10, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2022 kwa wenye ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi itoke malengelenge. Walipima wagonjwa 223, karibu nusu wakapewa jeli ya gome, waliobaki jeli ya mafuta isiyo na gome. Ndani ya siku 45 kidonda kilicholengwa kilifunga kabisa kwa asilimia 41.3 ya wagonjwa upande wa gome, na asilimia 28.9 upande wa mafuta. Umeona hiyo 28.9? Hayo ndo mafuta matupu yetu! Wangeyaruka wangedai 41 yote ni ya mti na hakuna mkaguzi angewasikiliza. Mmea umepita kwa sababu ulikubali kusimama karibu na mafuta yake.

Basi yule mzee. Alipoishiwa maneno nikamuuliza anapikaje. Akaeleza kwa hasira hasira, anachemsha majani kwanza kuyatoa uchungu, yale maji anamwaga, halafu majani anayakaanga kwenye mafuta, anachuja. Nikamuuliza, na maji huwa yana rangi gani? Meusi kama chai ya rangi. Nikamwambia mzee wangu, safari hii usimwage, nitumie chupa.

Tuliyapima bure, sahani moja tu ya Staphylococcus. Duara likatoka milimita 17. Haimaanishi yanaponya, bado kuna seli, bado kuna hao panya na mafuta yao, na safari hii kundi la pili hakulipinga. Ila nilimpigia siku hiyo hiyo nikamwambia mzee, nadhani ulikuwa unamwaga dawa unauza majani.

Kimya. Kirefu, mpaka nikadhani simu imekata.

"Marahaba," akasema.