Heri ya Krismasi na Kwanzaa, na ile habari ya kujenga nyumba ya chapta

Haya jamani, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kabla hamjaamkia. Heri ya Krismasi na mwaka mpya kwa Waswahili wote tuliopita kwenye ile chapta, yaani tawi letu la fraterniti (chama cha undugu cha wanafunzi wa kiume chuoni) huku Marekani, mlioko Texas, mlioko Dar, na nyie mliorudi Mwanza mkatuachia baridi.

Nje theluji inamwagika na mimi nakumbuka Desemba yangu ya kwanza huku. Kwa wasiojua, vyuo vingi vya Marekani muhula ukiisha wanafunga na mabweni, mwenzio anapanda gari anaenda kwao, wewe kwenu ni ndege mbili na nauli ya kuuza shamba, basi unabaki koridoni na begi. Begi langu lilibebwa na kaka mmoja wa fraterniti aliyekuwa hata jina langu analikosea, tukaenda kwenye ile nyumba ya kupanga, ngazi zinalia, mabomba ya hita yanagonga usiku kucha kama mtu anaomba afunguliwe mlango. Krismasi nikawapikia pilau kwenye sufuria la makaroni, likashika chini, wakaligombania. Wakauliza hiki kilichoungua kinaitwaje, nikawaambia ukoko. Mpaka leo ndo jina langu.

Tarehe 26 wakawasha mshumaa wa Kwanzaa. Hii sikukuu ya Wamarekani Weusi aliianzisha mwanaharakati Maulana Karenga kule California mwaka 1966 na siku zake zote saba zina majina ya Kiswahili, kwa hiyo nikapewa cheo cha kutamka, maana "kujichagulia" iliwatoa jasho. Tarehe 28 ikawa Ujima. Mimi ujima niliujua wa kwenye somo la historia, watu wa kale wanawinda na kuchimba mizizi kabla ukabaila haujaingia, nikacheka peke yangu. Kumbe wao wanamaanisha shida ya mwenzio ni yako, mnaibeba wote.

Sasa ile nyumba mwenyewe kaiuza. Kijana wetu wa mwaka huu bweni likifungwa anakwenda wapi? Wazungu walikuwa na nyumba za fraterniti tangu miaka ya 1840, sisi Weusi chapta nyingi mpaka leo hazina. Hata Alpha Phi Alpha, fraterniti ya Weusi walioanza Chuo cha Cornell tarehe 4 Desemba 1906, vikao vyao vya mwanzo walikaa kwenye majumba ya familia za Weusi pale Ithaca. Tunataka kujenga, tuache kuhamahama.

Kamati ya kuchangisha hela inataka kwenda Kimarekani: wanawafuata wenye nacho kimyakimya kwanza, hela ikishavuka nusu ndo wanatangaza. Nimebishana nao sana, kwetu mchango unatangazwa siku ya kwanza na bibi mwenye kuku analeta kuku, ananadiwa. Ila nikiri wana hoja, fundi halipwi kwa makofi. Tumekubaliana kila mtu aandike ahadi ailipe kidogokidogo kwa miaka mitatu, kiwango chako unakijua mwenyewe. Mnaolipa kodi huku angalieni kitu kimoja, mchango wa vyumba vya kulala haukupunguzii kodi, wa chumba cha kusomea ukipitia mfuko wa skolashipu unaweza, muulizeni mhasibu wenu, na uwe umetoka kabla ya tarehe 31 kuisha. Msije mkanilaumu Aprili.

Mimi nimechukua jukumu la jiko la hiyo nyumba. Nimewaambia wachoraji wa ramani nataka jiko la gesi la plate sita, na meza ndefu ya kukaa watu ishirini, sio vile vistuli vyao virefu miguu inaning'inia. Wamesema meza inakula nafasi ya makochi. Basi makochi yapungue.

Tarehe 28 jioni nitapiga simu mmoja mmoja, pokeeni, msiniambie mko kanisani.

Wenu,
Ukoko