Shukrani kwa binti wa mwendokasi

Mjukuu wangu uliyenishika mkono mwezi uliopita pale Kimara Mwisho, mimi ndiye yule bibi mwenye kanga ya njano, niliyekuwa nasubiri basi la mwendokasi la Kivukoni, hapa Dar es Salaam, huku goti la kulia likiwaka moto. Ulinipandisha, ukanitafutia kiti. Hayo peke yake yangetosha.

Lakini ukaniuliza, "Shikamoo bibi, mbona mkongojo umeushika upande wa goti bovu?" Nilinuna kidogo. Miaka 72 nafundishwa kutembea? Ukanieleza taratibu: ushike kwa mkono wa kushoto, utangulie pamoja na mguu wa kulia, ndipo goti linapunguziwa mzigo. Miaka minne nimeushika kinyume!

Ukauliza na ninachomeza. Nikakutajia diklofenaki, vidonge vya maumivu vya duka la dawa, kila siku, na presha ninayo. Ukashtuka. Ulisema zinaweza kupandisha presha na kuumiza tumbo na figo, ukanisihi nimwone daktari. Nilikwenda, akanibadilishia dawa, akanipa na zoezi la kunyoosha mguu nikiwa nimekaa kitini.

Maumivu hayajaisha, nisikudanganye. Asubuhi goti bado gumu kama gogo, na ngazi hatupatani. Ila juzi nimekwenda sokoni na kurudi kwa miguu yangu, na dagaa nimebeba mwenyewe.

Ulishuka Magomeni Mapipa kabla sijakuuliza jina. Asante sana, mama. Kuna kanga yako hapa nimeikunja, inakusubiri.