Dari inavuja na mvua haijanyesha? Angalia mabomba ya AC

Kila masika simu nyingi tunazopokea hufanana: "Fundi, dari inavuja." Tukifika tunakuta doa la rangi ya chai kwenye jipsamu, na mara nyingi fundi wa paa ameshapita, mabati mawili matatu yameshabadilishwa, na doa bado linakua. Inauma kuona mtu ametumia fedha mahali pasipo na tatizo. Ndiyo maana swali letu la kwanza huwa hili: doa linalowa mvua inaponyesha, au AC inapowaka?

Kama ni AC, achana na mabati. Bomba la AC limebeba gesi, kwa hiyo maji hayo hayatoki ndani yake. Yanatoka kwenye hewa. Hewa ya Dar es Salaam ikiwa na nyuzi joto 31 na unyevu wa asilimia 75, kila mita moja ya ujazo imebeba karibu gramu 24 za maji. Kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 26 hivi kitalowa, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Bomba la kurudisha gesi kutoka chumbani huwa na nyuzi 5 hadi 10 tu. Likibaki wazi hata urefu wa kiganja, litatoka jasho usiku kucha, na jasho hilo litadondokea jipsamu.

Kinachozuia ni ile sponji nyeusi ya mpira inayovalishwa bomba, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mahali pa kwanza pa kukagua ni kwenye maungio. Fundi huyaacha wazi apime kama gesi inavuja, kisha anafunga dari bila kurudi kuyavika. Kosa jingine ni kuvika bomba nene, lile la kurudisha gesi, peke yake. Kwenye AC nyingi za ukutani, gesi hupoa ikiwa bado kwenye mashine ya nje, kwa hiyo hata bomba jembamba linaingia ndani likiwa baridi. Kila moja livae sponji yake.

Wengine huzungushia tepu nyeupe wakidhani inatosha. Tepu hiyo inashika tu, haizuii ubaridi. Sponji ya godoro nayo ni mbaya zaidi, maana inanyonya maji na kuyatunza. Inayofaa ni ile yenye vitundu vilivyoziba, na kwa mabomba yanayopita juu ya dari, penye joto na unyevu, sisi hatuweki chini ya milimita 13. Maungio ya sponji tunayabandika kwa gundi, kwa sababu hewa ikipata upenyo mdogo tu itaingia na kulowesha bomba chini kwa chini. Wala usiikaze kwa kamba mpaka ibonyee: ikibanwa, unene wake unapotea.

Kuna chanzo kingine cha maji: bomba la kutolea maji ya AC likiziba kwa utelezi na vumbi, maji hufurika kwenye mashine na kuteremka ukutani. Hilo ni la kusafisha, halihusiani na sponji. Na ukiona barafu kwenye bomba, usiongeze sponji. Kagua kwanza chujio na kiasi cha gesi.

Wateja hutuuliza pia kuhusu mabomba ya maji bafuni. Hapa pwani maji ya kwenye tangi la juu ya paa huwa ya vuguvugu, hayawezi kulifanya bomba litoke jasho. Likilowa, ujue linavuja, muite fundi bomba.

Kwa wanaojenga sasa: kabla jipsamu haijafungwa, mwambie fundi awashe AC saa mbili nzima, ikiwezekana siku yenye fukuto. Kisha panda ngazi mwenyewe, upapase kila ungio kwa mkono mkavu.