Kiti Kile Unachosalia

Leicester, Uingereza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Dada ameniambia kwamba tangu Ramadhani unasali umekaa kitini kwa sababu ya mgongo, na kwamba huwezi tena kuinama kuchambua mchele bila kushika kiuno. Habari hiyo imeniuma sana, ndiyo maana nakuandikia kwa kituo.

Unakumbuka nilivyoumia miaka mitatu iliyopita nikimwinua mgonjwa kazini. Siku hizi kila Jumanne jioni nahudhuria darasa la yoga ya taratibu la watu wenye maumivu sugu. Najua utauliza kama hiyo si ibada ya Wahindi. Asili yake ni India, na huko ina upande wake wa dini, lakini darasani kwetu hakuna dua wala sanamu. Tunanyoosha viungo na kuvuta pumzi tu, nami nisingekushauri jambo ambalo lingegusa swala yako. Wala hatujikunji kama watu wa kwenye picha. Wengine hawashuki sakafuni kabisa: wanakaa kitini, nyayo zote mbili zikikanyaga chini, wanavuta pumzi mgongo ukinyooka, kisha wanaitoa polepole zaidi kuliko walivyoivuta, mabega yakilegea. Anayeweza hulala chali, miguu ikiwa juu ya kiti na mto chini ya kichwa. Mshipi wanaoutumia hapa kunyooshea mguu, khanga iliyokunjwa inatosha.

Mwalimu ametueleza kwamba maumivu yakidumu, neva huzoea kutoa tahadhari hata pale jeraha lilipokwisha kupona, na mwendo wa polepole huuzoesha mwili tena kutoogopa kila mjongeo. Sitaki kukudanganya, Mama: maumivu yangu hayajaisha. Utafiti uliofanywa hapa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011, wa watu 313 wenye maumivu sugu ya mgongo, ulionyesha kwamba waliofanya yoga kwa majuma 12 walimudu shughuli zao vizuri zaidi kuliko wenzao, hata baada ya mwaka mzima, ingawa maumivu yenyewe hayakutofautiana sana. Nami ndivyo nilivyo: yanauma, lakini navaa viatu mwenyewe.

Nilikosea mara moja. Siku niliyoamka mwepesi nilifanya mazoezi kupita kiasi, nikalala kitandani siku nne. Kwa hiyo fanya kidogo, hata siku unayojiona mzima, na ukome kabla ya kuchoka. Dawa zako za presha usiziache, na kichwa usikiinamishe chini sana. Muulize kwanza daktari kuhusu mifupa yako, kwani iliyodhoofika haitaki kuinama mbele kwa nguvu. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukikutoka bila kujijua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jumapili nitapiga simu ya video saa kumi jioni za huko. Dada akuwekee kiti hicho karibu na dirisha, pamoja na khanga moja, tuanze wote kwa dakika kumi.

Mwanao akupendaye