Greda ipite Aprili, Lofoi ikingali na maji

Bwana Mhariri,

Nilifundisha jiografia miaka 28 hapa Lubumbashi. Kila mwaka niliandika ubaoni: maporomoko ya Lofoi, Hifadhi ya Kundelungu, mita 340 hivi kwa mruko mmoja. Niliandika bila kuyaona. Nilipostaafu nikaapa sitakufa hivyo, na sasa nimekwenda mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Septemba. Vumbi jekundu hadi masikioni, lakini barabara kavu, tukafika mapema. Maji yalikuwa uzi tu. Upepo uliyapeperusha kabla hayajafika chini.

Mara ya pili ni Mei mwaka huu, pamoja na mwanangu na mjukuu wa miaka tisa. Tulitoka Katuba saa kumi za alfajiri na bukari yetu (ugali) na bitoyo, samaki wakavu wa chumvi. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, ila makorongo iliyoyachimba yalibaki vilevile. Tulikwama mara tatu. Mara ya mwisho gurudumu la nyuma lilizama lote, na tungelala pale kama si vijana waliokuwa wakisukuma kinga zao, yaani baiskeli, zenye magunia ya makaa. Walilaza mizigo kando, wakakata matawi, wakayapanga chini ya gurudumu, wakasukuma. Hawakudai hata franka moja. Na wao njia hiyohiyo ndiyo riziki yao.

Tulifika saa tisa. Tuliyasikia maji kabla ya kuyaona. Mto wa Lofoi unakuja taratibu katikati ya nyasi za uwanda wa juu, kama kijito chochote, halafu ardhi inakatika. Maji yanageuka meupe, yanashuka, na manyunyu yanapanda tena na upepo hadi kuwalowesha mliosimama juu. Mjukuu wangu alinishika mkono asiuachie.

"Nkambo, maji yote haya yanaenda wapi?"

Nikamwonyesha bonde la Lufira kule chini. Ubaoni somo hilo lilinichukua saa nzima; pale lilikwisha kwa kidole kimoja.

Tulikaa dakika 40 tu, kwa kuyaogopa yale makorongo usiku.

Ombi langu kwa wanaohusika na barabara ni hili: msingojee kiangazi kikaushe njia ndipo mlete greda. Mvua zikikoma Aprili, mto nao unaanza kupungua wiki hadi wiki. Greda ipite mwisho wa Aprili, na pale palipotukwamisha pawekwe kalavati. Peaji, ushuru wa barabara, tulilipa kwenda na kurudi, risiti ninazo. Mwezi Mei shule ziko wazi. Agosti watoto wako likizo na Lofoi imekonda. Njia ikipitika, mwalimu yeyote anayetaka kupeleka darasa lake anitafute Katuba. Nitaongozana nao, na nauli yangu nitajilipia.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi